Nani Aachie Kwanza

Lusahunga kuna swali ambalo watu hulijibu mara nyingi kwa siku bila kulitamka. Basi limesimama, dereva hajazima injini. Mkono mmoja umetoka dirishani ukiwa na noti, mwingine umenyooshwa kutoka chini ukiwa na chupa ya maji. Mikono inakutana hewani. Kwa kitambo kifupi mno kila mtu anagusa vitu viwili, kile alicho nacho na kile anachokitaka, na hakuna aliyeachia. Halafu mmoja anaachia. Nimepita pale mara nyingi kiasi cha kuanza kujiuliza ni nani anayepaswa kuwa huyo mmoja, na kwa nini.

Kwa asiyepajua, Lusahunga ni kituo cha barabarani wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, kwenye barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na kukata nchi kupitia Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hadi mpakani. Kutoka hapo mpaka Rusumo, kwenye daraja la kuingilia Rwanda, ni kilomita 92. Ukishika njia ya Ngara na Kabanga unaingia Burundi. Malori ya makontena hupumzika hapo, madereva wake hula na kulala, na mabasi ya abiria husimama dakika chache. Dakika hizo chache ndizo soko lenyewe. Wauzaji hawasubiri mlango ufunguliwe. Wanakuja mbio na ndoo za mahindi ya kuchemsha, trei za mayai, deli za soda na maji, karanga zilizofungwa kwenye vifuko vidogo, na msimu ukifika, senene. Dirisha la basi kubwa liko juu ya kichwa cha mtu mzima, kwa hiyo muuzaji hufanya biashara yake yote akiwa amenyoosha mikono juu kama mtu anayeanika nguo.

Uutazame ule mkono wa abiria kabla haujafika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mfaransa Marc Jeannerod alichunguza picha za mikono ikienda kushika vitu, akaona jambo ambalo sote tunalifanya bila kulijua. Vidole havisubiri kufika. Huanza kufunguka mara mkono unapoondoka, hufunguka kupita ukubwa wa kitu chenyewe, huwa vimefunguka kabisa mkono ukiwa umeshavuka nusu ya safari, kisha huanza kujifunga kabla ya kugusa. Kitu kikubwa, mwanya mkubwa. Kitu kidogo, mwanya mdogo. Ukikaa kiti cha dirishani Lusahunga utayaona haya bila kamera. Mkono wa anayetaka maji unashuka ukiwa tayari na umbo la chupa. Mkono wa anayetaka karanga unashuka na vidole viwili vimekaribiana kama vya mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Huhitaji kusikia alichoagiza.

Anayetoa maelekezo haya si yule "mimi" anayezungumza ndani ya kichwa. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Uskoti, anayejulikana kwenye maandishi ya kitabibu kwa herufi D.F. tu, alivuta kaboni monoksidi iliyotoka kwenye hita mbovu ya maji. Ni gesi ile ile inayoua watu wetu wanaolala na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa. Yeye alinusurika, ila alipoteza uwezo wa kutambua maumbo kwa macho. Wanasayansi Melvyn Goodale na David Milner walimwekea upenyo mfano wa ule wa sanduku la barua, wakawa wanaugeuza, mara umelala, mara umesimama, mara umeinama. Alipoulizwa upenyo umekaaje, alibahatisha tu. Alipopewa kadi na kuambiwa aitumbukize, mkono wake uliigeuza kadi ukiwa bado njiani, ikaingia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1991, na maelezo waliyoyatoa ni kwamba kinachoingia machoni hugawanyika katika njia mbili ndani ya ubongo. Moja hushuka pembeni mwa kichwa na kutuambia tunaona nini. Nyingine hupanda kuelekea utosini na kuuambia mkono ufanye nini. Kwa D.F. ya kwanza ilikuwa imeharibika na ya pili ilibaki ikifanya kazi. Alichokuwa hakijui yeye, mkono wake ulikuwa unakijua.

Habari hii huwa inasimuliwa kama kioja cha hospitali. Mimi naiona kama tatizo la maadili. Tunalaumiana na kusifiana kwa yale mikono yetu iliyoyafanya: ameiba, ametoa, ameangusha, amenyang'anya. Kama sehemu kubwa ya kazi ya mkono inapangwa mahali ambapo mwenye mkono hafiki, lawama inamfuata nani?

Subiri kwanza, mkono haujagusa bado. Ukigusa, mambo yanakuwa ya ajabu zaidi. Mwaka 1984 Roland Johansson na Göran Westling, wa Umeå nchini Sweden, waliwapa watu kitu kidogo wakiinue kwa kidole gumba na cha shahada, huku chombo kikipima wanabana kwa nguvu kiasi gani. Wakakuta kwamba tunabana kidogo tu kupita pale ambapo kitu kingeteleza. Kikiwa laini kama hariri tunaongeza, kikiwa na msasa tunapunguza. Mkono haupendi kutumia nguvu za bure. Kitu kikianza kuponyoka, vidole hukaza chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla mtu hajapata muda wa kuamua chochote. Na ncha za vidole zikipigwa ganzi, watu wale wale wanabana kupita kiasi na bado vitu vinawaponyoka. Ndiyo maana ukoma ni ugonjwa wa mikono hata pale ambapo hauuli mtu: daktari Paul Brand, aliyetibu wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, alionyesha kwamba majeraha mengi ya wagonjwa wake yalitokana na kukosa maumivu ya kuwaonya, mathalani mtu kukaza ufunguo kwenye kitasa mgumu mpaka nyama ya kidole inachanika naye hana habari.

Ubongo pia haungoji ngozi iseme kila kitu. Unakisia. Inua dumu la lita 20 ukidhani limejaa kumbe ni tupu, na mkono wako utapaa nalo hadi usoni. Kicheko cha wanaokutazama ni kicheko cha kumfumania mtu akiwa amekisia vibaya. Kabla hujaligusa, ulikuwa umeshapanga nguvu za kilo 20.

Sasa mkono mmoja tu ukiwa na ujanja wote huo, mikono miwili ya watu wawili inafanyaje? Wahandisi wamelazimika kulijibu hili kwa sababu wanataka roboti iweze kumpa binadamu kitu bila kukiangusha na bila kukiking'ang'ania. Roboti haina malezi. Lazima mtu aiandikie ni wakati gani wa kuachia. Mwaka 2012 Wesley Chan na wenzake, katika Chuo Kikuu cha British Columbia huko Kanada, waliwapa watu wawili wawili kifaa chenye vipimo ndani yake wakawa wanapeana. Walichokiona ni kwamba kazi inagawanywa. Anayepokea ndiye anayeamua lini na kwa kasi gani kitu kiondoke. Anayetoa ndiye anayebeba jukumu la kisianguke. Analegeza vidole kadiri anavyosikia mzigo ukihama, hatua kwa hatua, na hata mzigo wote ukishakuwa upande wa pili, bado vidole vyake vinabana kidogo, kwa tahadhari, halafu ndipo anaachia kabisa.

Sina hakika kama wahandisi wale walijua kwamba wameandika kanuni ya maadili. Mwenye kutoa ndiye mlinzi. Na ukiifikiria, ina haki ndani yake: ndiye anayeujua uzito. Anayepokea bado anakisia. Aliye na ujuzi ndiye aliyebebeshwa dhamana, na hakuna aliyewahi kukaa kikao kulipitisha hilo.

Kiswahili kinaonekana kulijua hili zamani. Neno "kupokea" kwetu halina ule ubaridi wa kutia kitu mfukoni. Mgeni akitokea njiani na mzigo, mtoto anatumwa: nenda kampokee. Anakwenda kumtua. Anayepokea amechukua uzito, hajapata faida tu. Na watu wawili wakibeba gunia kwa zamu wanapokezana. Nenda kwenye ujenzi siku ya kumwaga zege, mafundi wamejipanga mstari, karai linapita mkono kwa mkono mpaka ghorofani, na hakuna anayesema "haya, achia." Likisemwa neno ujue kuna mgeni kwenye mstari.

Nyumbani kwetu, kama kwenye nyumba nyingi za Kagera, mtoto hufundishwa kupokea kitu kwa mkubwa kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeushika chini kidogo ya kiwiko. Tunaambiwa ni heshima. Ni heshima kweli, lakini angalia inavyofanya kazi: mtoto, ambaye ndiye mwenye kukisia vibaya uzito, anaongezewa mkono wa pili, na mzee anapewa muda wa kuuona mzigo umefika. Adabu na fizikia zimekaa kwenye kiti kimoja. (Walioonewa ni mashoto. Binamu yangu ni mashoto, na mkono wake wa kulia mpaka leo hupokea kikombe cha chai kama unaokamata samaki. Alilazimishwa kuheshimu kwa mkono usiojua kushika. Lakini hilo ni la siku nyingine.)

Turudi dirishani, kwa sababu pale kanuni ya Chan na wenzake inavunjika. Haivunjiki kwa kuwa watu wa Lusahunga ni tofauti. Kwenye maabara mmoja alikuwa anatoa na mwingine anapokea. Dirishani kila mmoja ni mtoaji na mpokeaji kwa pamoja. Muuzaji ni mlinzi wa chupa, abiria ni mlinzi wa noti, na kila mmoja anangoja kusikia mzigo wa mwenzake. Chupa ina uzito, mkono unasikia ukihama. Noti haina uzito wa kusikika. Unaweza kuwa umeikamata kwa ncha za vidole viwili na mwenzako naye ameikamata, na hakuna kidole kinachoweza kuujulisha ubongo kwamba sasa ni yake. Kuna kuvutana tu.

Mwingereza Thomas Hobbes aliliona tatizo hili mwaka 1651 katika kitabu chake Leviathan, ingawa hakulitazama kupitia vidole. Hoja yake ni kwamba pasipo mamlaka ya kuwatisha wote wawili, anayetimiza sehemu yake kwanza anajitia mikononi mwa mwenzake, maana maneno peke yake ni kamba dhaifu kwa tamaa ya mtu. Dawa yake ilikuwa dola. Pale dirishani hakuna dola, na basi likishaondoka hakuna hata mwenzake.

Safari moja ya kwenda Ngara nililiona tatizo la Hobbes kwa macho. Basi liliondoka wakati jamaa wa kiti cha mbele yangu ameshapokea chupa, na noti bado iko vidoleni mwake. Kijana aliyemuuzia alikimbia sambamba na basi hatua kama thelathini, mkono juu, kisha akasimama. Jamaa akafungua chupa, akanywa. Mama mmoja aliyekuwa amepakata mtoto akamwambia, "Baba, si ungemrushia tu hiyo hela?"

"Mama, kachelewa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaitoa."

Basi zima likaingia kwenye kesi. Konda akatoa hukumu akiwa amesimama mlangoni: kosa la dogo, biashara ya dirishani ni pesa mbele kama tai. Mzee mmoja wa nyuma akamuuliza, "Na kama dogo angechukua noti ya elfu kumi, akajifanya anatafuta chenji mpaka gari likaondoka, kosa lingekuwa la nani?"

"La abiria," konda akajibu bila kusita.

Watu wakacheka. Mimi sikuacha kuifikiria ile hukumu, kwa sababu haikuwa ya kijinga. Ina msimamo. Kwa sheria ya konda mwenye kosa siku zote ni aliyeachia kwanza, yaani aliyeamini. Ni sheria inayoweza kumlinda mtu mmoja mmoja, lakini ukiwapa wote hakuna maji yatakayouzwa. Kila mtu atakaa na chake mkononi mpaka dereva akanyage mafuta.

Na kuna kitu ambacho konda hakukiweka kwenye hesabu. Yule kijana hakuamua kuamini. Alisikia chupa ikivutwa, akasikia uzito ukihama, na vidole vyake vikafanya kile ambacho vidole vya binadamu hufanya: vikalegea. Kwa lugha ya mikono, kuvuta ni kusema "nimeshika, achia." Jamaa alilisema neno hilo kwa mkono wake. Kuchukua chupa kwa njia hiyo huku noti umeibana ni tofauti na kuiba chupa iliyowekwa chini. Aliyeiba chupa iliyowekwa chini ametumia nafasi. Huyu ametumia uaminifu ambao mwenyewe hakuuomba na mwenzake hakujua kwamba anautoa. Nadhani ndiyo maana yule mama alikasirika kuliko thamani ya maji.

Tusikilize tena utetezi wake: "nilikuwa nimeshaitoa." Kiswahili kilimsaidia hapo, kwa sababu kutoa ni kuleta nje, na kutoa ni kumpa mtu. Noti aliitoa kwa maana ya kwanza, mfukoni hadi dirishani. Kwa maana ya pili hakuitoa, maana vidole vilikuwa vimebana. Kati ya kutoa na kutoa kuna kuachia, na huko kuachia ndiko kulikokosekana.

Thamani ya maji nayo tusiipuuze. Tuseme chupa inauzwa elfu moja, na faida yake ni mia mbili. Chupa moja ikienda bure, muuzaji atauza nyingine nne ndipo arudi sifuri. Chupa nne ni madirisha manne, ni kukimbia nyuma ya basi jingine au mawili, ni kugombania nafasi na wenzake ishirini. Abiria akipoteza elfu tisa za chenji anaumia pia, tena zaidi kwa hesabu ya shilingi. Ila mara nyingi hakuwa amezibeba kama mtaji wa kesho.

Mtu atasema basi ajifunze. Na kweli mkono hufundishika. Mama mmoja anayeuza maji pale, mtu mzima, alinionyesha anavyofanya. "Mimi maji namwonyesha, simpi. Nakamata shingo ya chupa, kitako namwachia aguse." Amejifunza kuusikia uzito ukihama na asilegeze. Ameufundisha mkono kutokuamini, na ilimchukua miaka. Nilipomuuliza kama huwa inamjia yenyewe siku hizi, alisema hata nyumbani akimpa mtu kikombe, huwa anamvuta kidogo kabla ya kuachia, na watoto wake humcheka.

Ambao hawajafika huko ni wadogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na kwa kuwatazama tu, si wote wanaokimbia nyuma ya mabasi wamefika hapo. Kila ninapowaona nakumbuka mkono mwingine wa Kitanzania. Mwaka 1960, kule Olduvai, familia ya Leakey ilipata mifupa ya mkono yenye umri wa karibu miaka milioni 1.8. John Napier, mtaalamu wa mikono, ndiye aliyeichunguza. Ndiye huyo ambaye mwaka 1956 alitenganisha mshiko wa nguvu, kama wa kukamata mpini wa jembe, na mshiko wa ustadi, wa ncha ya kidole gumba na kidole kingine, kama wa kushika noti. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na Napier wakampa mwenye mkono jina Homo habilis, binadamu mwenye mikono stadi. Kinachosahaulika ni kwamba mkono ule ulikuwa wa mtoto ambaye hajamaliza kukua. Mkono uliotupa jina la ustadi haukuwa umepata nafasi ya kuwa stadi.

Basi nani aachie kwanza?

Nikiichukua ile kanuni ya mtoaji na kuipanua, nasema dhamana ni ya yule anayejua zaidi na asiyeumia kitu kikianguka. Pale dirishani kinachoweza kuanguka si chupa tu, ni mapatano yenyewe. Na anayeweza kuyaangusha bila kuinama kuokota ni yule anayebebwa na injini. Gari likianza kutembea muda wote ni wa kwake. Kwa hiyo abiria aachie kwanza. Noti ndogo, iliyo sawa na bei, iachiwe kabla ya kuvuta chupa.

Swali la yule mzee kuhusu elfu kumi bado lipo, na silipendi, kwa sababu linanilazimisha nibadilike. Basi likiwa limesimama, na umati uko chini, muuzaji mwenye noti kubwa ya mtu anaweza kuzama katikati ya watu, na abiria hawezi kushuka kumfuata. Muda huo ni wa muuzaji. Hapo ningemtaka yeye ndiye aanze, ahesabu chenji akiwa anaonekana. Kwa maneno mengine jibu langu halimtaji mtu, linafuata saa iko mkononi mwa nani, na saa ile huhama mara mbili au tatu ndani ya dakika moja. Kuna rafiki yangu anaona huku ni kukwepa. Anasema maadili yanayobadilika gari likitia gia si maadili. Nami namjibu kwamba mkono nao hubadilisha nguvu zake kila kitu kinapoanza kuteleza, na hakuna anayeuita mkono kigeugeu.

Lakini saa hasa iko kwa nani? Hapa ndipo namrudia konda. Basi haliondoki lenyewe. Linaondoka kwa sababu kuna mtu amegonga bodi mara mbili kwa kiganja. Konda aliyekaa mlangoni na kutoa hukumu kwamba kosa ni la dogo ndiye aliyegonga, na aligonga huku anaona mikono iko nje. Katika kesi nzima hakuna aliyemtaja, na mimi mwenyewe nililiona hilo tumeshafika mbali. Tuligombana juu ya mikono miwili ilhali kulikuwa na wa tatu. Wapo makonda wanaosubiri, nimewaona. Hutupa jicho ubavuni mwa basi kabla ya kugonga, au hupokea hela kutoka ndani na kumkabidhi muuzaji chini, na hapo Hobbes angewatambua mara moja kama dola yake, dola yenye kofia na kalamu sikioni.

Siku hizi swali linahama mikono kabisa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008, na sasa hata muuza maji ana namba ya kulipia iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa deli. Noti ilikuwa haina uzito, hii haina hata ukingo wa kushika. Abiria anabonyeza, muuzaji anangoja ujumbe, na kati yao kuna mtandao ambao si vidole, hausikii basi likianza kutembea na haukazi ukiteleza. Mwenye chupa lazima aamue kwa kichwa kile ambacho zamani kiliamuliwa na ngozi: ampe kabla ya ujumbe, au ashikilie mpaka gari limwache. Nimewaona wakifanya yote mawili. Wengi wanampa, halafu wanakimbia na basi wakiwa wameinamia simu.

Safari ya mwisho aliyelipa hivyo alikuwa jirani yangu wa kiti. Chupa alishapewa. Basi likaondoka, kijana akabaki barabarani anatazama kioo cha simu yake. Jirani yangu hakuifungua ile chupa. Aliishikilia mapajani, simu mkono wa pili, tukaacha nyumba za mwisho, tukaingia porini. Mtandao uliporudi simu ikalia, naye akanigeuzia kioo nisome kwamba malipo yamekamilika. Sikuwa nimemwomba.